Usimfukuze Mama Maziwa, Mpe Leseni

Wasee, leo tuongee maziwa. Najua mko na stori kubwa kubwa za kufuatilia, lakini kama ushawahi kuamka asubuhi ukapata ni strungi tena, hii inakuhusu.

Mimi ni mtu wa Kibera, Gatwekera. Mathe alitulea na maziwa ya kupimwa, si ya pakiti. Ukitumwa unabeba kikombe na mbao yako, unapimiwa ya shilingi ishirini, unarudi mbio kabla chai ichemke. Auntie yangu naye anauza maziwa Kawangware, upande wa Gatina. Yake yanatoka kwa wafugaji wa Kikuyu na Limuru, yanafika kwa boda kabla kupambazuke. Kwa hivyo hii mambo nimeiona pande zote mbili, ya mnunuzi na ya muuzaji. Na msimamo wangu ni huu: ukimfukuza muuzaji wa maziwa mtaani, maziwa hayawi salama. Yanaanza tu kujificha.

Turudi nyuma kidogo. KCC ilianzishwa 1925 na walowezi, wakati huu mji ulikuwa wao. Sheria ya Sekta ya Maziwa ikaja 1958, ikaunda Bodi ya Maziwa ya Kenya, yaani KDB. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, KCC ndiyo ilikuwa na ruhusa ya kuuza maziwa mjini, wengine wote wakihesabika magendo. Soko lilifunguliwa 1992. KCC yenyewe ikayumba mpaka ikaanguka, halafu 2003 serikali ikaichukua tena na kuiita New KCC. Lakini kumbuka kitu kimoja: soko lilifunguka, sheria ya 1958 ikabaki palepale. Mama wa maziwa akawa anafanya kazi ambayo kila mtu anaiona, kila mtu anainunua, na bado haikubaliki.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Ukitoka Kawangware ukifuata Naivasha Road mpaka Uthiru, utapita taasisi ya utafiti wa mifugo inaitwa ILRI. Kati ya 1997 na 2005, watafiti wa hapo, pamoja na wa KARI na wizara ya mifugo, walifuatilia maziwa ya wafugaji wadogo kutoka kwa ng'ombe hadi kwa sufuria. Wakaona kitu ambacho nyanya yako angewaambia bure: karibu kila Mkenya anachemsha maziwa kabla ya kunywa. Wakaona pia kwamba muuzaji akifundishwa usafi, akapewa chombo kizuri na kujua kupima, maziwa yake yanakuwa bora. Wakati huohuo, 2003, makampuni makubwa ya maziwa yalikuwa yanaendesha kampeni ya kutisha watu kuhusu maziwa ya mtaani. Mwaka uliofuata serikali ilibadilisha mwelekeo: wauzaji wadogo wakaanza kufundishwa, kupewa cheti, halafu leseni. Hakuna aliyewaombea huruma. Utafiti ndio uliwatetea.

Halafu 2019 ikaletwa rasimu ya kanuni mpya. Watu waliposikia kwamba mfugaji anaweza kupigwa faini kwa kumuuzia jirani maziwa mabichi, kelele ilikuwa kubwa, ikabidi zirudishwe mezani. Kanuni zenyewe zilichapishwa rasmi 2021.

Ukweli usemwe, wanaotaka kanuni wana hoja. Maziwa mabichi yanaweza kukupatia brusela, ile homa inakuchosha wiki na wiki ukidhani ni malaria. Yanaweza kubeba TB ya ng'ombe. Kuna watu wanaongeza maji, wengine wanaweka kemikali ya kuzuia yasiharibike. Na kuna ng'ombe amedungwa antibayotiki jana, leo anakamuliwa na maziwa yanauzwa. Hiyo dawa kuchemsha hakuitoi. Hata mtungi wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, Bodi ikiukataa iko sawa: mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na kila mkwaruzo wa ndani ni nyumba ya bakteria.

Lakini angalia vile mambo yanaenda mtaani. Kuna asubuhi maafisa fulani walimpata Auntie, wakamwaga maziwa yake yote kwa mtaro. Hawakupima chochote. Hawakuwa na laktomita ya kuangalia kama yameongezwa maji. Hawakufanya hata ile test rahisi ya kuchanganya na alkoholi kuona kama yanagandamana. Walimwaga tu, wakaenda. Siku hiyo alibaki na deni la wafugaji na hakuna alichouza.

Unajua alibadilisha nini baada ya hapo? Mkebe wake wa aluminiamu, ule safi, ule ambao sheria inautaka, aliuacha nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu mkebe wa aluminiamu unaonekana kutoka mbali. Akarudi kwa vijerikeni vidogo vya plastiki, vinaingia kwa begi. Akaacha kuuza mahali pamoja, akaanza kuzunguka. Wateja wake wakawa hawajui watampata wapi maziwa yakiwa na shida. Yaani operesheni ya kulinda afya yetu ilitupatia chombo kichafu zaidi na muuzaji ambaye hushiki. Nikiambiwa huo ni usalama, nitauliza usalama wa nani.

Watu husema, "Basi mnunue pakiti." Sawa. Kupasteurisha ni kazi: unapasha maziwa mpaka digrii 72 kwa sekunde 15, unayapoza haraka, unayaweka baridi mpaka yafike dukani. Mashine, stima, gari, pakiti, yote iko kwa bei. Nusu lita ya pakiti kwetu inacheza kama sitini. Mtu anayelipwa kwa siku hanunui nusu lita. Ananunua ya leo, na kesho ataona kesho.

Ndiyo maana ATM za maziwa zilishika. Unaweka mbao, unapata ya mbao, na maziwa yanatakiwa yawe yamepasteurishwa kabla hayajaingia kwa mashine. Hiyo inaonyesha kwamba kanuni na uchumi wa kadogo vinaweza kukaa nyumba moja. Shida ni kwamba mashine yenyewe ni pesa mingi, na inategemea stima. Ukiishi Kibera unajua stima ikipotea haisemi itarudi lini. Auntie hawezi kuinunua peke yake. Lakini kina Auntie kumi, wakiwa chama chenye leseni, wanaweza kuomba mkopo na kushiriki mashine moja.

Kwa hivyo tukitaka maziwa salama, tuanze hapo. Leseni iwe ya bei ambayo mtu wa mitungi miwili anaweza, na ipatikane Kawangware kwenyewe bila siku tatu za kuzungushwa maofisini. Mafunzo yarudi kwa nguvu. Maziwa yapimwe yanapoingia mtaani, mbele ya muuzaji, na mabaya tu ndiyo yamwagwe. Hapo hata mimi nitashika mtungi nisaidie kumwaga.

Na sisi vijana tuna kazi. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe sheria zikitungwa, lakini kanuni za maziwa zikiletwa kujadiliwa, viti vinajazwa na watu wa makampuni. Mama wa maziwa wakati huo yuko kazini. Wewe uko na simu na una bando, tuma maoni yako, andika na ya kwake akikuambia.

Kabla ya hapo, fanya haya ya nyumbani. Muulize anayekuuzia kama ana leseni, bila madharau. Angalia chombo chake. Akiwa na mkebe wa aluminiamu na ukiona ameusugua, mnunulie huyo hata kama yuko mbali kidogo, ndio aone usafi unalipa. Ukifika nyumbani chemsha mpaka yapande, hata kama mmechelewa shule.