Skii Inayocheza, Icheze Wapi?

Tangu tulipofanya kipindi cha michezo ya baridi, ujumbe unaokuja zaidi ni huu: "Dada, wewe unatelezea skii gani?" Basi leo najibu. Ila jibu hili ni la mtu ambaye tayari anajua kuteleza, anayekata kona bila kuwaza miguu iko wapi. Kama bado unajifunza kusimama, kodisha yoyote, nunua glavu nzuri, tuonane baada ya misimu miwili mitatu.

Nilikuwa natafuta skii ya theluji laini, tena inayocheza. Neno hilo "inayocheza" ndilo lililozua mjadala nyumbani.

Wauzaji wa huku wana neno lao la kuisifia skii ya namna hii, na nilipomtafsiria Baba nikasema inacheza. Akanyamaza kwanza. Baba alikuwa fundi magari Tanga, na hapa Salt Lake City ameendesha lori miaka 18. Kwake kinachocheza ni kibovu. Usukani unacheza, tairi linacheza, jino linacheza, vyote hivyo ni vya kupeleka kwa fundi. "Sasa mwanangu, ulipe dola 800 kwa kitu kinachocheza?"

Nikamwambia mbona hata ngoma tunacheza, Baba. Akacheka, lakini hakuniachia. Akauliza swali ambalo sijalisikia kwenye duka lolote: "Haya. Icheze wapi?" Usukani wa lori, alisema, haukazwi mpaka mwisho. Lazima uachiwe nafasi kidogo, la sivyo utapigana nao njia nzima. Lakini gurudumu likianza kucheza kwenye ekseli, hapo ndugu zako waanze kuchimba.

Nimechagua kwa swali hilo. Twende nalo.

Chini ya buti, isicheze. Hapo ndipo uzito wako wote ulipo. Katikati pawe pagumu, na skii ikilala mezani pawe pameinuka kidogo kama upinde, ili ukiikanyaga ukingo ushike hata sehemu ambayo upepo umeacha barafu. Skii iliyo laini kuanzia puani hadi mkiani inafurahisha dakika kumi, kisha inakuchosha.

Puani na mkiani, icheze. Ncha zote mbili ziwe zimepinda kwenda juu, na ziwe laini kuliko katikati. Pua iliyoinuka inapanda juu ya theluji badala ya kuchimba. Mkia ulioinuka unakubali kuachia: unaweza kuusukuma pembeni, ukateleza kiubavu, ukageuka katikati ya miti bila kungoja kona imalizike. Wazo hili lina historia. Shane McConkey aliangalia skii za majini akajiuliza kwa nini za theluji ya kina zisifanane nazo. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ikatoa Spatula, skii iliyopinda juu mbele na nyuma, kama mtumbwi. Watu walicheka. Leo ni vigumu kupata skii ya theluji laini isiyo na damu yake.

Kiuno. Upana wa chini ya buti ndio unaoamua kama utaelea au utazama. Skii za njia ngumu huwa chini ya milimita 95. Kwa theluji laini anza 105, na ukipita 115 umenunua skii ya siku za dhoruba tu. Sisi wa milima ya Wasatch tunajisahau hapa, manake theluji yetu ni nyepesi kama unga wa ngano, na tukikumbuka msimu wa 2022–23, Alta ilipopata inchi 903, karibu mita 23, kila mtu anataka kununua mashua. Lakini hata siku nzuri, ikifika saa tano asubuhi kila mahali pameshavurugwa. Muda mwingi utakuwa kwenye mabonge, si kwenye theluji mpya. Nimechukua 108.

Mahali pa vifungio. Hapa wengi hawaangalii kabisa. Skii ya kwenda kasi moja kwa moja hukuweka nyuma ya kitovu chake, sentimita tisa mpaka kumi na moja. Inayocheza hukusogeza karibu na kitovu, labda mbili mpaka tano. Unapata mkia mrefu wa kutulia nao, na skii inazunguka upesi. Lakini pua inabaki fupi, kwa hiyo ukizoea kulalia mbele ya buti utajikuta unapiga mbizi. Simama katikati, vifundo vya miguu vikunje. Ndiyo maana nasema hii ni skii ya anayejua.

Uzito na urefu. Iliyo nyepesi sana hurushwarushwa na mabonge, kwa hiyo mimi natafuta karibu gramu 1,900 kwa skii moja. Na kwa kuwa ncha zilizoinuka hazigusi theluji ngumu, skii hizi huwa kama fupi kuliko namba yake. Mimi ni sentimita 170, nimechukua 176. Kama utahamisha vifungio vya zamani, angalia breki zake zinapita upana wa kiuno kipya. Mara nyingi hazipiti.

Sasa kwa nini nitoke kwenye zangu za zamani? Zilikuwa ngumu, zenye bati mbili za chuma ndani, na nimezipenda miaka sita. Ukizipa kasi zinatulia kama treni. Ila zinataka kazi muda wote, na mimi ni nesi wa zamu za usiku. Halafu kuna lingine. Sisi tumelelewa kwa "hujaletwa huku kucheza." Nikapeleka hata hilo mlimani. Kwenye foleni ya lifti mara nyingi niko peke yangu mwenye rangi hii, basi nikawa nateleza kama niko kwenye usaili wa kazi: nyoofu, haraka, nisianguke mbele za watu. Machi iliyopita nilikaa kwenye gari nikihesabu ningepata shilingi ngapi nikiuza kila kitu.

Tunajivunia Philip Boit aliyeshindana Nagano 1998, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyeiwakilisha Kenya Olimpiki ya 2018. Wanastahili. Lakini wale walikuwa wamebeba bendera. Mimi nilikuwa nimebeba nini, Jumanne asubuhi, baada ya zamu?

Kabla ya kuuza nilikodi jozi ya majaribio. Mteremko wa tatu niliruka kichuguu kidogo, nikatua kiubavu, skii zikateleza zenyewe, theluji ikanijaa usoni. Nikasikia mtu anacheka kwa nguvu. Alikuwa mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usinunue kwa kusoma, hata kwa kunisoma mimi. Kodi siku mbili: moja ya theluji mpya, nyingine siku mbili baada ya dhoruba, pakiwa pameshavurugika. Maduka mengi hukata pesa ya kukodi kwenye bei ukirudi kununua, na mwisho wa msimu bei hushuka sana. Siku ya kwanza kila skii pana itakupendeza. Ile ya pili ndiyo ya kuiamini: ikikushika chini ya buti na bado ikakuchekesha, lipa.

Wale wa Denver, Calgary na Innsbruck, nyie mnatelezea nini? Tuandikieni, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho.