Kompyuta Moja, Kalenda Mbili: Kuhamia Mfumo Endeshi Mpya Ughaibuni na Nyumbani

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa Julai 2015 na kutumika kwa miaka kumi katika ofisi, shule na nyumba za karibu kila nchi. Mfumo endeshi ni programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka, kutunza mafaili, kuwasiliana na printa na kuendesha programu nyingine zote. Kuhitimishwa kwa huduma yake hakuizimi kompyuta. Kunamaanisha kwamba kampuni inaacha kutoa masasisho, yaani vipande vya programu vinavyoziba mianya ya usalama kadiri inavyogunduliwa. Kuanzia hapo mmiliki ana njia nne: kuhamia Windows 11, kujiandikisha kupata nyongeza ya muda, kuhamia mfumo mwingine kabisa kama Linux, au kubaki alipo na kuibeba hatari. Njia hizo ni zilezile kwa Mtanzania anayeishi Leicester na kwa ndugu yake aliyeko Tanga, ila namna zinavyopimwa hutofautiana sana.

Tofauti hiyo mara nyingi huelezwa kuwa ni ya uelewa, kana kwamba aliyeko ughaibuni anahama kwa sababu anajua na aliyeko nyumbani anabaki kwa sababu hajui. Maelezo hayo hayatoshi. Ughaibuni uamuzi huongozwa na kalenda kwa sababu gharama ya kuifuata ni ndogo, ilhali nyumbani huongozwa na kazi ambayo kompyuta inafanya leo kwa sababu kila hatua ya kuhama ina bei yake. Ikiwa ndivyo, swali la maana zaidi ni mahali gani panapofaa kuufanyia uamuzi huo, hasa kwa kuwa kompyuta nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zilianza maisha yake Ulaya.

Kompyuta nzima inayokataliwa

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, ililibadili swali la kuhama. Matoleo ya awali yaliuliza zaidi kama kompyuta ina kasi na nafasi ya kutosha, na aliyepungukiwa aliweza kuongeza kumbukumbu au kubadili diski. Toleo hili, mbali na kudai kumbukumbu ya muda ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, linadai pia chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, ambayo hutunza funguo za siri zinazolinda taarifa za diski, pamoja na prosesa iliyomo katika orodha maalumu ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuingia sokoni mwaka 2017. Hivyo kompyuta mpakato ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD, inayowaka haraka na kumaliza kazi zote za ofisi, inakataliwa bila kuwa na ubovu wowote.

Mwezi Desemba 2023, kampuni ya utafiti wa masoko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kukosa thamani kwa sababu ya masharti hayo. Zipo mbinu za kuuingiza mfumo mpya kwenye kompyuta isiyokidhi vigezo, na mafundi wengi wanazijua, lakini Microsoft imetamka kwamba kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Anayehama kwa njia hiyo anaweza kupata sura mpya ya mfumo huku akikosa ulinzi ambao ndio sababu kuu ya kuhama.

Uingereza: kalenda inapoamua

Nchini Uingereza mwajiriwa wa kawaida haamui lolote kuhusu kompyuta ya kazini, kwani idara ya teknolojia hupanga siku, huhamisha mafaili na kumkabidhi mashine iliyo tayari. Nyuma ya idara hiyo yapo masharti yanayobana. Mpango wa serikali uitwao Cyber Essentials, ambao cheti chake hudaiwa kwa baadhi ya mikataba ya serikali, unataka programu zisizo na huduma ziondolewe au zitengwe na intaneti, na mianya mikubwa izibwe ndani ya siku 14 baada ya sasisho kutolewa. Kwa kampuni ndogo inayoitegemea mikataba ya namna hiyo, kubaki na mfumo uliopitwa na wakati ni kuhatarisha riziki yake.

Nyumbani kwa mkazi wa Uingereza mazingira nayo yanamrahisishia. Intaneti ya nyumbani kwa kawaida hulipiwa kwa mwezi bila kikomo cha matumizi, kwa hiyo faili la mfumo lenye gigabaiti kadhaa hupakuliwa usiku bila mwenye nyumba kuhisi mfuko wake umeguswa. Leseni, ambayo ni kibali halali cha kuitumia programu, ilikuja na kompyuta dukani, na anayetoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwenye mashine inayokubalika halipi chochote. Mashine inapokataliwa ipo nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ambayo mtumiaji binafsi huipata kwa dola 30 za Marekani, au kwa kuruhusu nakala ya mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft, au kwa pointi 1,000 za mpango wa zawadi wa kampuni hiyo. Katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya nyongeza hiyo ilitolewa bure bila kudai nakala ya mipangilio, baada ya watetezi wa walaji kuibana kampuni, ingawa mtumiaji bado hulazimika kuingia kwenye akaunti yake. Uingereza haimo katika eneo hilo, na kwa hiyo Mkenya wa Hamburg alipata nafuu ambayo nduguye wa London hakuipata.

Hata hivyo, kalenda hiyo haipaswi kutukuzwa kupita kiasi. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali nyingi za huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. Sasisho la kuuziba mwanya uliotumiwa lilikuwa limetolewa Machi mwaka huohuo, na kompyuta nyingi zilizoathirika katika huduma hiyo zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa na huduma, ila hazikuwekewa sasisho hilo. Kwa maneno mengine, mfumo wenye huduma hauilindi taasisi isiyopokea masasisho, na taasisi tajiri inaweza kuanguka kwa uzembe uleule unaolaumiwa kwa maskini.

Nyumbani: fundi, bando na flashi

Katika miji ya Afrika Mashariki, mtu mwenye sauti kubwa katika uamuzi huu ni fundi, awe wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mteja hampelekei kompyuta kwa sababu tarehe imefika. Humpelekea kwa sababu imekuwa nzito, imeingia virusi au imekataa kuwaka, na fundi humpigia Windows, yaani hufuta kilichokuwemo na kuweka mfumo upya kutoka kwenye flashi. Toleo litakalowekwa hutegemea zaidi kilichomo kwenye flashi hiyo na uwezo wa mashine kuliko tangazo la Microsoft, na bei ya kazi hupatanwa papo hapo.

Mteja anayesita kuhama ana hoja zenye uzito. Windows 11 ya matumizi ya nyumbani hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo masasisho yake ya kila mwezi yanaweza kulimaliza bando la simu alilolinunua kwa ajili ya kazi nyingine. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, mashine isiyo na betri nzuri inaweza kushindwa kuwaka tena. Printa ya zamani inayoliingizia duka la steshenari kipato cha kila siku inaweza kukosa draiva, yaani programu ndogo inayoiunganisha na mfumo mpya, na siku moja bila printa ni siku moja bila mauzo. Mwenye duka anayeahirisha kuhama kwa sababu hizo amepiga hesabu.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo huacha nje gharama mbili. Ya kwanza ni ya muda. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masasisho kwa mifumo yenye huduma, na wahalifu huyachambua ili kujua ni mwanya gani umezibwa, kisha huutafuta mwanya huohuo kwenye mfumo wa zamani ambao haukuzibwa. Kwa hiyo hatari ya kubaki huongezeka mwezi hadi mwezi hata kama mtumiaji hajabadili chochote. Ya pili ni ya leseni. Programu zinazoutapeli mfumo ili ujione umelipiwa mara nyingi hudai kinga ya virusi izimwe kwanza, na anayeizima hana namna ya kujua ni nini kingine kimeingia pamoja nazo. Windows 11 iliyowekwa hivyo inaweza kuwa hatari kuliko Windows 10 halali iliyomo kwenye nyongeza ya muda.

Uzito wa gharama hizo hutegemea taarifa za nani zimo ndani ya mashine. Kompyuta ya kuandikia barua, isiyounganishwa na intaneti, inaweza kuendelea na mfumo wa zamani ikiwa haipokei flashi za kila mteja, kwa kuwa flashi nazo ni njia kongwe ya virusi. Kompyuta ya steshenari au ya saiba ni suala jingine, kwa sababu wananchi huketi mbele yake na kuandika nywila zao wanapoomba mikopo ya elimu ya juu, ajira za serikali au huduma za eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Kenya. Zahanati, shule na SACCOS ziko katika kundi hilohilo, na hapo sheria imeshaingia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote zinamtaka anayeshika taarifa za wengine azilinde. Kwa wamiliki hao kalenda ya huduma si jambo la Wazungu tena, na mashine zao ndizo zinazopaswa kuhama kwanza.

Kabla boksi halijafungwa

Pande hizi mbili hukutana kwenye boksi la mizigo. Mashine zinazostaafishwa na kalenda ya Ulaya hushuka bei, hununuliwa na wanadiaspora au wafanyabiashara, na kusafirishwa kwenda Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako hupokewa kwa furaha. Tangu tarehe 1 Januari 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka nchi inayopokea taka za kielektroniki za aina yoyote itoe idhini kwanza, lakini kompyuta inayofanya kazi kwa kawaida haihesabiwi kuwa taka, hata kama mfumo wake umebakiwa na miezi michache ya ulinzi. Matokeo yake ni kwamba uamuzi ambao ungefanyika kwa urahisi Leicester unahamishiwa Tanga pamoja na gharama zake zote.

Ndiyo maana uamuzi unapaswa kufanywa na kukamilishwa upande ambao kuukamilisha ni rahisi zaidi. Anayetaka kutuma kompyuta anaweza kuangalia kwanza prosesa na chipu ya TPM, na kuiacha dukani ile isiyokubalika ikiwa tofauti ya bei ni ndogo. Kompyuta nyingi za kampuni kubwa zilizotengenezwa tangu enzi ya Windows 8 zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, kwa hiyo toleo linaloendana na ufunguo huo hujithibitisha bila ujanja wowote, na masasisho yote yanaweza kupakuliwa kwa intaneti isiyo na kikomo kabla ya safari. Akaunti ya Microsoft iwe ya atakayeitumia kompyuta. Hili si dogo, kwa sababu Windows 11 huweza kuifunga diski yenyewe kwa usimbaji fiche, yaani kuyageuza mafaili yasisomeke bila ufunguo maalumu, na ufunguo wa kuifungulia huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Kama akaunti hiyo ni ya mtumaji, siku fundi atakapobadili kifaa ndani ya mashine, mafaili yatategemea simu ya kwenda ughaibuni.

Kwa mashine isiyokubalika ambayo tayari iko nyumbani, Linux ni njia halali na ya bure. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hutoa kila baada ya miaka miwili toleo lenye huduma ya kawaida ya miaka mitano, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye vitufe na menyu za Kiswahili. Hata hivyo mfumo hudumu pale penye watu wa kuutunza. Jiji la Munich lilikamilisha kuhamishia kompyuta zake zipatazo 15,000 kwenye Linux mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows, huku jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani hiyohiyo likitangaza mwaka 2024 kuzihamisha kompyuta 30,000 kwa njia iliyoachwa na Munich. Kabla ya kumwekea mzazi au shule Linux, mtumaji anapaswa kujua jina la fundi wa mtaani anayeimudu. Akikosekana fundi huyo, nyongeza ya muda ya Windows 10 ni ulinzi mfupi lakini wa kweli zaidi.

Wenye uzoefu wa ughaibuni wanaweza kujifunza kwa nyumbani kuuliza kompyuta inafanya kazi gani kabla ya kuitupa, na wa nyumbani wanaweza kujifunza kutoka kwa wa ughaibuni kuuliza huduma ya mfumo inaisha lini kabla ya kununua kompyuta. Maswali hayo mawili yakiulizwa na mtu mmoja, mbele ya mashine moja, kabla ya pesa kutoka mfukoni, sehemu kubwa ya ugumu wa kuhama huwa imekwisha.