Lita 108

Mvua ya masika ya 2024 ilipofurisha kijito chetu hadi daraja la miti likaenda, tuliletewa fomu ya hasara. Nyumba ngapi zimebomoka? Mifugo mingapi imekufa? Upande wetu wa Siongiroi, sufuri na sufuri. Mwaka huo mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 Kenya, sasa nani ataulizia maziwa?

Kalamu nilipewa mimi, juu niliwahi kuwa chuo. (Niliacha mwaka wa pili, lakini hapa hiyo ni digrii.) Kogo jirani hukamua lita 12 kwa siku. Pikipiki ya maziwa haikuvuka siku tisa: lita 108, kwa shilingi 45, ni 4,860.

“Usiandike yote, mjukuu wangu. Mengine tulikunywa.”

Mengine aliyatia kwenye sotet, yakawa mursik. Hiyo ni hasara ama chakula? Lakini maziwa ndiyo karo ya mtoto anayemlea, na shule haipokei mursik. Mtoto alirudishwa nyumbani.

Niligeuza fomu, nikaandika nyuma: lita 108. Kogo akasema niongeze mikaratusi miwili. Daraja lilikuwa miti yake.