Upepo, Maji na Mifupa

Mswahili aketiye barazani jioni hupunga upepo. Aliyepagawa naye hupungwa pepo. Kitenzi ni kimoja, na nomino zenyewe zakaribiana mno, kwani wingi wa upepo ni pepo. Wala haisemwi hapa kwamba watu wa pwani walijifunza lolote kwa Wachina, au Wachina kwao. Lakini mwenye lugha hii hataona ajabu akiambiwa kuwa elimu ya Kichina iitwayo feng shui, ambayo tafsiri yake neno kwa neno ni upepo na maji, ina wafu ndani yake.

Walio wengi huijua kama ustadi wa kupanga nyumba: kitanda kisielekeane na mlango, kioo kitundikwe hapa, chanzo cha maji kiwe pale. Hayo yamo, tena yana watu wake. Hata hivyo, kitabu cha kale kinachotajwa mno katika elimu hiyo, Zangshu, kinachonasibishwa na Guo Pu aliyefariki mwaka 324, hakihusu vitanda. Ni Kitabu cha Maziko. Chaeleza kwamba qi, pumzi ya uhai ipitayo ardhini, hutawanywa na upepo na husimama ikikutana na maji. Basi kaburi litafutiwe mahali penye vilima vya kukinga upepo na maji ya kuituliza pumzi hiyo. Mifupa ya mzazi ikiipokea, neema huwafikia watoto, kwa kuwa miili yao imetokana naye. Nyumba ya walio hai ni ya yang. Kaburi nalo ni nyumba, ya yin.

Kusini mwa China, na katika vijiji vya Hong Kong, jambo hili lilifanywa kwa mikono. Maiti huzikwa kwanza kwa miaka kadhaa, kisha hufukuliwa. Mifupa husafishwa mmoja mmoja na kupangwa ndani ya mtungi wa udongo mithili ya mtu aliyeketi: ya miguu chini, fuvu juu kabisa. Mtungi huwekwa mlimani kusubiri mtaalamu mwenye luopan, dira iliyozungushiwa duara nyingi za maandishi, apate mahali pa maziko ya pili. Kusubiri huko kuliweza kuwa kwa miaka mingi, maana mwelekeo mmoja humfaa mwana huyu kuliko yule, na ndugu waligombana mzee wao yungali mtungini.

Kwa ugomvi wa namna hiyo, mwanaanthropolojia wa Kiingereza Maurice Freedman alitoa rai katika miaka ya 1960. Kwenye madhabahu ya nyumbani, alisema, mhenga ni mtu: hulishwa, huheshimiwa, huogopwa. Kaburini ni chombo tu. Wanawe huitumia mifupa yake kuvutia baraka za ardhi, naye hana hiari. Rai nzuri, imenyooka, na pengine imenyooka kupita kiasi. Mwaka 1973 Emily Ahern alichapisha kitabu juu ya kijiji kimoja cha Taiwan, na wanakijiji wake walisema mengine. Kwao marehemu mwenyewe ndiye aonaye raha au taabu mle kaburini. Akitaabika, huwasumbua wanawe kwa maradhi na mikosi hadi wamtengenezee makao.

Wanakijiji hao ndio wa kusikilizwa zaidi. Mtu aliyelishika fuvu la mamake, akaliosha na kulikausha, ni vigumu kumshawishi kwamba ameshika mfereji wa kupitishia pumzi ya mlima. Dira humwambia pa kumweka. Haimwambii kwamba huyo si mama.

Serikali ya Hong Kong yenyewe haikuingia katika mjadala huo. Kazi za ujenzi zilipogusa vilima vya vijiji vya New Territories, ililipia ibada za tun fu za kutuliza mahali, bila kuuliza kilichoudhika ni ardhi au ni waliomo ndani yake.

Siku hizi mjini humo wafu walio wengi huchomwa moto, na majivu huwekwa katika vyumba vidogo vya ukutani, ambavyo havichagui kilima wala mto. Lakini ifikapo Qingming, mwanzoni mwa Aprili, familia zenye makaburi hupanda milimani na fagio. Hung'oa magugu, hupaka rangi mpya herufi za jiwe, huweka chakula na vikombe. Mwenye dira alikwisha lipwa zamani akaenda zake. Watoto husukumwa mbele, wakaambiwa wamsalimie babu.