Shangazi na vidole vyake vitano

Wiki hii mapenzi tunayaweka kiporo. Nataka tuongee vitufe vya kompyuta, na wala msigeuze ukurasa, kuna duka la mtu limeponea humo.

Hapa Musoma, kwenye steshenari za Mukendo, mtu mmoja anafanya kazi ya watu wanne. Anachapa barua, huku WhatsApp inalia mteja katuma karatasi zake zitolewe, huku muziki unapiga, huku daftari la madeni liko wazi kwenye Excel, na mwenye shida ya fotokopi kasimama mlangoni anasonya kwa sababu gari linamwacha Bweri. Programu zote ziko macho, ila moja tu ndiyo inaonekana, nyingine zimejificha nyuma yake. Wengi wetu tunazisaka kwa mausi: shusha hii, pandisha ile, siyo yenyewe, rudi. Wajanja wao wanajua Alt na Tab ya kumzugia bosi, karata zinapotea, barua inatokea. Hao tuwaache na dhambi zao.

Mimi nawaletea shangazi yangu wa Bunda. Huyu mama alikuwa taipisti wa serikali enzi za mashine ile ya kengele, ikilia mwisho wa mstari unairudisha kwa mkono. Alipostaafu akafungua steshenari yake: chumba kimoja, kompyuta moja, printa moja. Mwaka 2022 kiharusi kikamwangusha. Mungu si Athumani, mdomo ulirudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ukagoma. Kijiko haushiki, sembuse mausi.

Kikao cha ukoo kikakaa Butiama kwa baba mdogo. Tulikula vizuri, kisha baba mdogo akatoa hukumu: kompyuta iuzwe, shangazi apumzike, tena eti mnunuzi keshapatikana! Mimi nikajikuta nacheka peke yangu. Butiama hiyohiyo ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, na ni serikali yake iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974. Nikasema moyoni, haya, marufuku ya pili hii hapa. Shangazi alikaa kimya kutwa nzima. Jioni akaniita pembeni.

"Mwanangu, hivi vidole vitano vilivyobaki ni vya mapambo?"

Kesho yake tukapanda gari wote wawili mpaka Bunda.

Cha kwanza nilibonyeza Shift mara tano mfululizo. Jaribuni, Windows itawauliza kama mnataka vitufe vikumbuke. Ukikubali, si lazima tena kushikilia Ctrl na Alt kwa pamoja, unagonga kimoja baada ya kingine na kompyuta inakusubiri. Kwa mwenye mkono mmoja hiyo ni nusu ya kazi. Halafu tukazipanga programu kwenye ule mstari wa chini ya skrini, Word ya kwanza, WhatsApp ya pili. Kitufe chenye alama ya Windows pamoja na namba 2, WhatsApp inakuja mbele hata ikiwa imefunikwa na madirisha kumi.

Tamu yenyewe ilikuwa daftari la madeni. Nililiwekea njia ya mkato kwenye uso wa kompyuta, nikafungua Properties zake, na pale palipoandikwa Shortcut key nikagonga D tu, D ya deni. Ctrl na Alt Windows inajaza yenyewe. Ila hiyo njia ya mkato iacheni hapohapo usoni, mkiizika ndani ya folda vitufe havisikii. Muziki anaupigia kwenye VLC, nayo inakuruhusu kuchagua vitufe vya kuitawala hata ikiwa nyuma, basi tukampa cha kunyamazisha. Kuna wazee wakiingia dukani taarabu haifai.

Na msidhani ni mambo ya vijana wa leo haya. Mwaka 1984, kompyuta za DOS zikiwa zinaendesha programu moja kwa wakati, kampuni ya Borland ya Marekani ilitoa kitu kinaitwa SideKick. Kinajilaza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ukibonyeza Ctrl na Alt kinaibuka juu ya kazi yako na kikokotoo, kalenda na daftari, ukimaliza kinarudi kulala. Shangazi nilipomsimulia akasema kumbe wazungu nao walikuwa na housigeli wa kumwita kwa kengele.

Simdanganyi mtu. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za kusonya na kununa, siku moja aliifunika kompyuta kwa khanga akaenda zake kulala. Na mkono wa kushoto peke yake ni polepole, barua aliyokuwa anaimaliza kwa dakika kumi sasa inakula nusu saa. Vitufe havitibu kiharusi. Kazi ndefu anampa binti mmoja wa jirani, wanagawana. Lakini kuongoza duka, kujua nani katuma nini, nani kalipa na nani anakwepa, hilo analifanya mwenyewe, na mausi kaitupia kwenye droo.

Mwezi uliopita baba mdogo kapita Bunda, anaelekea Mwanza. Kaingia na hati ya kiwanja, anataka kopi ishirini fasta.

"Andika tu dada, nikirudi nitalipa."

Shangazi hakumjibu. Kidole kidogo kwenye Ctrl, gumba kwenye Alt, cha shahada kikagusa D. Skrini ikageuka. Jina la baba mdogo lilikuwa mstari wa nne, shilingi 14,500.

Akatoa noti mbili za elfu kumi. Alirudishiwa 3,500 na kopi zake ishirini.