Ngoma Ilinirudisha Kiandutu

Mimi natoka Kiandutu, Thika. Kuna wakati nisingeweza kuandika sentensi hiyo, na aliyenifundisha kuitamka ni ngoma.

Nikiwa msichana, mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilimjibu Makongeni. Makongeni ni jirani yetu, ina nyumba za mawe na stendi inayojulikana na kila makanga. Wenzangu wengi walifanya hivyo hivyo, na waliotaka kufika mbali zaidi walisema Ngoingwa. Tulikuwa na sababu zetu. Mtaa wetu ulitajwa kwa mabati yake, mitaro iliyofurika na chang'aa, na ukienda kuomba kibarua ukataja jina lake, uliambiwa urudi kesho. Katika shule moja ya bweni niliyosoma, msichana wa kitanda cha jirani alihamisha sanduku lake jioni ile alipojua nilikotoka. Hakunitukana. Alilibeba kimya kimya, akalifunga kwa kufuli ya pili. Tangu hapo nikazidi kuwa mtu wa Makongeni.

Mama alichuma kahawa katika mashamba ya upande wa Ruiru, na msimu ukiisha alifua nguo za watu mjini. Aliyenilea mchana kutwa ni shosho, yaani nyanya yangu, na ndiye aliyeniingiza Brigedi. Tulisali PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, na katika makanisa hayo Brigedi ya wavulana na wasichana ni jambo la kawaida kama kwaya. Jumamosi watoto hukusanyika, hufundishwa Biblia, gwaride na ngoma. Shosho alitaka tu nisizurure vichochoroni. Sidhani alijua ni zawadi kubwa kiasi gani aliyokuwa ananipa.

Kapteni wetu alikuwa kibarua wa kiwandani aliyependa historia. Alituambia kwamba Brigedi ya wavulana ilianzishwa Glasgow, Uskoti, tarehe 4 Oktoba 1883, na William Alexander Smith, mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekuwa pia afisa katika kikosi cha askari wa kujitolea. Wavulana wa darasa lake walikuwa hawashikiki. Akaamua kuwafundisha Neno la Mungu pamoja na gwaride, na nembo ya chama hicho ikawa nanga, kutokana na sura ya 6 ya Waebrania. Wamisionari wa Uskoti nao walikuwa wamefika Kibwezi mwaka 1891 kisha wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na kanisa lililotokana na kazi yao ndilo PCEA ya leo. Kapteni alipenda kumalizia kwa kusema kwamba Glasgow ulikuwa mji wa viwanda kama Thika. Maneno hayo yalinigusa. Kumbe jambo lililofika duniani kote liliwahi kuanza na watoto watundu katika mji wa moshi na ving'ora vya zamu.

Ngoma zenyewe zilikuwa chache, na hakuna aliyekabidhiwa akiwa bado mgeni. Tulianza na vijiti na tairi kuukuu. Kulia mara mbili, kushoto mara mbili, polepole, hadi mikono yote miwili itoe sauti moja; kisha unaongeza kasi kidogo kidogo mpaka mapigo yashikane, yawe mvumo usiokatika. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mvivu, na kapteni aliusikia hata akiwa amenipa mgongo. Alinituma nyumbani na kazi ya kuamsha mkono huo: nisonge ugali kwa kushoto, nifagie kwa kushoto, nibishe mlango kwa kushoto. Nilipopewa ngoma ndogo yenye nyaya zilizokazwa upande wa chini, nyaya zinazoipa ule mlio mkali wa kukwaruza, niliivaa begani nikahisi nimeongezwa kimo.

Wavulana watatu walipuliza tarumbeta zisizo na vitufe, zile ndogo za kijeshi. Chombo hicho hakina kitu cha kubonyeza. Sauti zote hutoka kwenye midomo na pumzi, na milio inayotumika katika miito mingi ni mitano tu. Wakati wa baridi ya Julai midomo ya vijana wale ilipasuka, nao wakaipaka mafuta ya kupikia kisha wakaendelea. Mpaka leo nikisikia mlio wa namna hiyo kwenye sherehe za Jamhuri, mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kugeuza mstari kwenye kona. Ukiwa uwanjani unaona safu nzima ikizunguka kama mlango, lakini ndani ya safu kila mtu ana kazi yake. Aliye ndani hukanyaga papo hapo kwa hatua fupi sana. Wa katikati hupima. Wa nje hunyoosha miguu kadiri awezavyo, na mapigo ni yale yale kwa wote, karibu hatua 120 kwa dakika. Mimi niliwekwa nje kabisa. Macho yangu yalitakiwa kuangalia upande, kwa mwenzangu, na siyo mbele ninakokwenda. Nilijifunza kumjua jirani yangu kwa pembe ya jicho: anavyovuta pumzi, bega linavyoshuka kabla ya hatua, uchovu unavyoanzia kwenye kiwiko. Nikijipenda peke yangu, nikakimbilia kufika, safu inapasuka. Nikijificha nyuma, pia inapasuka. Mahali pangu palikuwa pamoja tu, na palinihitaji mimi.

Kabla ya mashindano ya Brigedi kapteni alituchukua hadi Ruiru, kilipo chuo cha mafunzo cha maafisa wa Magereza. Tulisimama nje ya ua tukasikiliza bendi ikifanya mazoezi. Hakutaka tuone chochote. Alitaka tusikie kimya cha kati ya pigo na pigo, jinsi watu wengi wanavyoweza kunyamaza kwa pamoja. Tulirudi Thika kwa matatu bila hata mmoja wetu kupiga kelele.

Ndipo ikaja siku ya mashindano. Uwanja ulijaa kampuni, yaani vikosi vya Brigedi, kutoka makanisa ya mjini na mashambani, nyingine zikiwa na sare mpya zilizopigwa pasi hadi zikang'aa. Sare zetu zilitoka mtumba na kushonwa upya na akina mama. Tulisimama foleni kusubiri, na mimi nilikuwa na hofu moja tu, nayo haikuhusu mapigo. Nilijua kila kampuni hutangazwa kwa jina la mahali inapotoka. Katika umati ule walikuwapo wasichana wa shule yangu.

Kipaza sauti kikatangaza: "Kampuni ya Kiandutu!"

Upande wa kushoto wa uwanja ukalipuka. Shosho alikuwa pale, na mama aliyeacha kibarua cha siku, na muuza mandazi wa kona yetu, na vijana ambao sikuwahi kuwaona kanisani. Walikuwa wamepanda matatu kutoka Thika ili kulisikia jina hilo likitajwa hadharani kwa jambo jema. Amri ikatolewa, ngoma ya besi ikagonga, nasi tukaingia. Kwenye kona nilinyoosha miguu yangu yote, nikamwangalia mwenzangu, naye akamwangalia mwenzake, na safu yetu ikazunguka bila ufa. Nilisikia ngoma zetu kama chombo kimoja chenye mikono mingi. Nikiulizwa furaha ni nini, mimi hukumbuka kona ile.

Tulitoka wa pili. Baada ya matokeo, mmoja wa waamuzi, mama mtu mzima, alinijia akaniuliza mkono wangu wa kushoto umefundishwa na nani, kisha akaniuliza natoka wapi. Wasichana wa shule yangu walikuwa hatua chache tu kutoka pale. Neno Makongeni lilikuwa limezoea kutoka lenyewe. Lakini nilikuwa bado nimevaa ngoma, na wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Kusema Makongeni kungekuwa ni kutoka kwenye mstari nikawaachia pengo. Nikajibu, "Kiandutu, mama." Akanishika mkono akasema, "Basi mwambie kapteni wako amefanya kazi."

Hapo ndipo nilipogeuka. Sikuona nuru wala kusikia sauti. Niliona tu kwamba aibu ilikuwa imenifundisha kumwacha shosho peke yake kila nilipofungua mdomo, na kwamba sikutaka kumwacha tena.

Nilipokua nikaanza kusoma habari za bendi, nikagundua kwamba nchi za Afrika Mashariki zina historia ndefu ya mambo haya. Pwani, tangu miaka ya 1890, vijana walichukua ngoma, tarumbeta na gwaride la Wazungu wakavigeuza vyao, wakaviita beni. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaisambaza beni hadi bara. Huko Lamu beni iliingia katika ushindani wa zamani wa Mkomani na Langoni. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Huko Marekani nako, askari waliorudi kutoka vita hiyo hiyo waliunda vikosi vya ngoma na tarumbeta vya kushindana, na mwaka 1971 likaanzishwa shirika la Drum Corps International, lililoandaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 1972. Vijana wao hulazimika kuondoka wakifika kikomo cha umri, na walioondoka hukumbuka majira yale maisha yao yote. Ninawaelewa kabisa. Awe kijana wa Mkomani, wa Marekani au wa mtaa wa mabati, anayeingia uwanjani na ngoma hubeba watu wa kwao waliomtuma.

Mimi nami nilifika umri wa kuondoka. Nilikuwa nimejifunza cherehani kwa kurekebisha sare zetu, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha hadi leo. Mteja akiniuliza kibanda changu kiko wapi, namwelekeza mpaka mlangoni: Kiandutu, ukipita msikiti uulize fundi wa sare. Wengine husita. Wengi huja, na wakishakuja hurudi. Barabara kuu iliyopanuliwa hutufikisha Nairobi kwa haraka, viwanda vingine vimefungwa na vingine vimefunguliwa, na vijana wetu bado wanaambiwa warudi kesho wakitaja kwao. Ninawafahamu wanaojibu Makongeni. Siwalaumu hata kidogo, maana najua uzito wa lile sanduku linalohamishwa.

Ninachofanya ni kuwaita Jumamosi. Tairi zipo, vijiti tunachonga wenyewe, na ngozi za plastiki za ngoma tunanunua kwa michango ya akina mama. Ninawaambia kanisa na wazee wa mtaa kila ninapopewa nafasi: mtoto wa mtaa wa mabati amezoea kuhubiriwa asiwe mwizi, asinywe, asipate mimba. Ameambiwa mengi ya kuacha. Mpeni kitu cha kushika, kigumu, kinachohitaji miaka, na mahali katika safu ambapo akikosekana ataonekana. Kisha pandeni matatu mwende kusikia jina lake na la kwao yakitangazwa. Kelele za shosho wangu zilifanya kazi sawa na mafunzo ya kapteni.

Kwa hiyo mzazi unayesoma haya, kama una mtoto asiyetulia, mlete. Kama una ngoma iliyopasuka inayokaa stoo ya kanisa lenu, tuletee tuitengeneze. Na wewe kijana unayetoka mtaani kwetu, ambaye leo umemjibu mtu vingine, njoo pia. Nafasi ya nje ya safu iko wazi, inataka mtu mwenye miguu mirefu na jicho la kumtazama mwenzake.