Safura na Damu Nyeupe

Damu ni mto wa uhai, na watu wa kila nchi wameutafuta mto huu chanzo chake. Sisi wa pwani ya Tanga na Pangani tulirithi tiba iliyotoka Uyunani, ikapita kwa Waarabu, ikatufikia kwa vitabu na majahazi. Tiba hiyo ilifundisha kuwa mwili umejengwa kwa vitu vinne: damu, balghamu, safura na sauda. Vikipatana, mtu huwa mzima. Vikigombana, huwa mgonjwa. Mafundisho hayo yamefifia, lakini safura, ambayo kwa asili ni nyongo ya manjano, imebaki vinywani mwetu kuwa jina la maradhi ya mtu aliyepauka kwa kupungukiwa na damu.

Jina hilo ndilo alilopewa mpwa wangu, mtoto wa miaka sita, midomo yake ilipopauka na miguu yake ilipokataa mchezo. Homa ilikuja na kwenda, bandama ikavimba, fizi zikatoka damu, na madoa madogo mekundu yakaenea miguuni. Malaria nayo hupausha mtu na kuvimbisha bandama, wala haistahili lawama nyumba inayoifikiria kwanza katika pwani yenye mbu. Damu ya mtoto ilipotazamwa kwa hadubini ndipo ilipoonekana kuwa maradhi ni lukemia, yaani saratani ya damu.

Mama yangu alitaka mjukuu wake apigwe chuku ili damu mbovu itoke. Daktari, kijana aliyemwamkia shikamoo kabla ya kusema neno lolote, alimjibu: "Bibi, damu hii haikuharibiwa na kitu cha nje. Inaharibika inapotengenezwa, ndani ya uboho. Ukimchanja, itatoka mbovu pamoja na njema, wala haitakoma upesi, kwa kuwa chembe za kugandisha damu zimepungua mno." Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kumbe kisima ndicho kibovu, si maji?" Daktari alikubali. Sijasoma maelezo ya lukemia yaliyo mafupi na ya kweli kuliko swali lile.

Ulaya nako fahamu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1845 Rudolf Virchow huko Berlin na John Hughes Bennett huko Edinburgh walieleza, kila mmoja kwa upande wake, wagonjwa ambao chembe nyeupe zilikuwa zimezidi katika damu zao. Virchow baadaye aliyaita maradhi hayo kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya damu nyeupe. Mwaka 1868 Ernst Neumann alionyesha kuwa damu hutengenezwa katika uboho. Wachina nao leo huyaita maradhi ya damu nyeupe. Vitabu vyao vya kale havikuwa na jina hilo, lakini vilifundisha kuwa figo hutawala mifupa na kuzaa uboho. Figo katika mafundisho hayo ni nguvu ya mwili zaidi kuliko kiungo kinachoonekana kwa macho.

Hata hivyo, kujua jina si kuponya. Katika miaka ya 1970 matabibu wa mji wa Harbin, miongoni mwao Zhang Tingdong, walichukua dawa ya kienyeji yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura. Waliipambanua sehemu kwa sehemu, wakaona kuwa nguvu ilikuwa katika aseniki. Sumu hiyo, ikipimwa sawasawa na kutolewa pamoja na dawa nyingine iliyojaribiwa Shanghai katika miaka ya 1980, huponya walio wengi katika aina moja ya lukemia. Haiponyi kila aina.

Msomaji, mfano mwingine uko mlangoni petu. Lile ua la petali tano, la waridi au jeupe, linalopandwa nyuani Tanga, asili yake ni Bukini. Watu wa nchi mbalimbali walilitumia kwa maradhi ya kisukari. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada waliolichunguza kwa sababu hiyo waliona kuwa linapunguza chembe nyeupe za damu. Kutoka katika ua hilo ilipatikana vinkristini, dawa inayoingia katika mshipa wa mpwa wangu. Lakini majani yake yakichemshwa nyumbani ni sumu isiyo na kipimo.

Nywele za mtoto zilipoanguka, jamaa walisema dawa inamwua. Alipopata nguvu, wengine walisema amepona, safari za Dar es Salaam zikome. Maneno haya ya pili yalikuwa ya hatari zaidi, maana chembe mbovu hubaki zimejificha baada ya dalili kuondoka, na tiba ya aina yake huchukua miaka miwili au zaidi. Dada yangu ameacha biashara yake ya samaki ili asikose siku hata moja. Huu ni mwaka wa pili.

Katika miaka ya 1990 waganga na madaktari wa Tanga walikaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa ukimwi, na Muhimbili ina taasisi ya tiba asilia iliyoanza mwaka 1974. Basi ugomvi wa kale na mapya hauna faida. Ukale si ushahidi wa kufaa kwa dawa, wala ugeni si ushahidi wa kufaa kwake. Ushahidi ni kipimo, na kipimo hakina kabila. Anayeikataa dawa ya wazee bila kuipima, na anayeinywa bila kuipima, wote wawili wamekimbia kazi moja.